Rimoti ya Wish inaitika ukiwa mlangoni tu: laki nne za nini?

Ndugu mmoja wa Arua ameniandikia hivi:

“Fundi, salaam. Naendesha Toyota Wish ya 2005. Niliinunua kwenye bondi ya magari Kampala ikiwa na ufunguo mmoja tu, ule wenye vitufe viwili kichwani. Zamani nilikuwa nafungua milango nikiwa ng'ambo ya barabara. Tangu mvua za mwezi wa tano, lazima nisogee mpaka niguse kioo, na siku nyingine nabonyeza mara kumi ndipo gari liitike. Betri nimebadilisha mara mbili. Injini inawaka bila shida. Fundi wa hapa anasema programu ya ufunguo imeanza kufutika, anataka laki nne aiweke upya. Nimpe? Na ikikata kabisa nikiwa njiani kuja Kampala, nifanyeje?”

Usimpe, ndugu yangu. Angalau usimpe bado. Kwa maelezo yako mwenyewe, unaombwa ulipie kitu ambacho hakijaharibika.

Hilo neno la programu kuanza kufutika nalisikia mara kwa mara hapa Ndeeba nilipo na benchi langu, na linanichosha. Usajili wa rimoti haupauki polepole kama kitenge kilichoanikwa juani. Upo au haupo. Gari lina orodha ya rimoti linazozijua. Ukibonyeza, linaangalia kama anayeita yumo. Akiwamo, milango inafunguka. Asipokuwamo ni kimya, hata ukiibandika rimoti kwenye kioo na kubonyeza hadi kesho asubuhi. Yako inafungua ukiwa karibu, kwa hiyo gari linaijua vizuri. Haliisikii tu.

Basi ama rimoti inasema kwa sauti ndogo, ama pana kelele ya mawimbi hapo unapoegesha, ama sikio la gari limeziba. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotibiwa na kompyuta ya kuprogramu. Ningekuwa wewe ningemuuliza fundi wako swali moja tu: kama imeanza kufutika, mbona nikikaribia inafungua? Msikilize anavyojibu.

Kabla hujafungua chochote, ujue umeshika nini. Ufunguo wako ni nyumba ya wapangaji watatu wasiosalimiana. Wa kwanza ni chuma, kinachogeuza kitasa cha mlango na swichi ya stata. Wa pili ni chipu ya imobilaiza, kidude kidogo kilichofichwa ndani ya plastiki ya kichwa, ambacho hakina betri wala hakihitaji: koili iliyozunguka tundu la ufunguo ndiyo inayokipa umeme kwa hewa, kwa umbali wa sentimita chache, kikajitambulisha na injini ikaruhusiwa kuwaka. Wa tatu ndiye rimoti yenyewe, kibodi chenye vitufe na betri, anayerusha mawimbi ya redio kwenda kwenye risiva ya gari. Injini yako inawaka, maana yake mpangaji wa pili ni mzima. (Au hayupo: Toyota nyingi za Japani za miaka hiyo zilitoka kiwandani bila imobilaiza. Toa ufunguo, uangalie dashibodi. Ukiona kitaa chekundu kinamulika-mulika, mara nyingi kikiwa na picha ya gari na kufuli, unayo.) Mgonjwa wetu ni huyo wa tatu, au gari linalomsikiliza.

Sasa betri. Najua umebadilisha mara mbili, lakini nivumilie, kwa sababu “nimebadilisha betri” ni sentensi niliyoacha kuiamini zamani.

Soma namba iliyoandikwa juu ya betri, halafu soma iliyochongwa ndani ya rimoti kwenye kitanda chake. Namba hizo zina maana. CR2032 ni upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. CR2016 ina upana uleule, lakini unene ni milimita 1.6, nusu kabisa. Zote ni volti 3. Muuza saa wa sokoni akikosa unayotaka anakupa inayokaribiana na kukuambia ni dada yake. Ukiweka nyembamba mahali pa nene, inalegea: inagusa ukiibana kwa nguvu, inaachia ukilegeza kidole. Nimewahi kufungua ufunguo nikakuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara imekunjwa mara nne chini ya betri ili ijae. Mwenyewe alikuwa anajisifu kwamba amerekebisha. Kuna pia waliobandika mbili nyembamba moja juu ya nyingine, wakapeleka volti 6 kwenye bodi ya volti 3. Huko sitaki hata kuhadithia.

Halafu ubora wenyewe. Betri iliyokaa juani kwenye meza ya mchuuzi mwaka mzima, nje ya pakiti yake, si mpya kwa sababu umeinunua leo. Azima mita. Betri mpya ya aina hii inasoma volti 3.2 hivi, wakati mwingine 3.3. Ikisoma chini ya 2.8, irudishe. Ila mita nayo inadanganya, maana haivuti umeme wowote wa maana. Betri iliyochoka ni kama mzee anayeitikia salaam vizuri akiwa kitandani. Mwambie asimame abebe kiroba cha posho ndipo utajua hali yake. Rimoti inaporusha mawimbi inavuta umeme mwingi kwa muda mfupi, na hapo ndipo betri mbovu inapoanguka. Kwa hiyo ipime ikiwa ndani ya rimoti, mwenzako akiwa amebonyeza kitufe. Ikishuka sana wakati huo, umempata mhalifu, hata kama mezani ilisoma 3.

Isafishe kwa kitambaa kikavu kabla ya kuiweka. Betri nyingine za siku hizi zimepakwa kitu kichungu ili mtoto akiitia mdomoni aiteme, na upako huo ukikaa pale bati linapogusa, mguso unakuwa mbaya. Na hizo kuukuu usiziache mezani. Mtoto akimeza betri ya kidonge inaanza kuunguza umio kabla ya saa mbili kwisha. Ni mbio hospitali, si kungoja aitoe mwenyewe.

Kama betri ni sahihi na ni nzima, twende kwenye kitu ambacho wewe mwenyewe umekitaja kisha ukakiruka: mvua za mwezi wa tano.

Vitufe vya ufunguo wako vimefunikwa kwa mpira. Miaka ishirini ya kidole gumba kilekile, na mpira wa kitufe cha kufungua unapasuka ufa mdogo usiouona mpaka uukunje kwenye mwanga. Humo ndimo yanamoingia maji, jasho, unga wa chapati na vumbi jekundu. Fungua kichwa cha ufunguo taratibu. Kama kina skrubu, tumia bisibisi ya miwani, la sivyo tia ukucha au sarafu kwenye mkato wa pembeni. Ndani utakuta kidude kingine kidogo cha plastiki, ndicho chenye bodi na betri. Kitoe, ukiweke juu ya karatasi nyeupe, kisha angalia mabati mawili yanayoshika betri. Nitashangaa usipokuta ukijani, ule kama wa senti ya zamani iliyozikwa. Huo ukijani unakula umeme kabla haujafika kazini.

Chukua mswaki mkuukuu na spiriti safi ya duka la dawa, ile kali, si iliyochanganywa maji nusu kwa nusu. Toa betri kwanza. Sugua mabati, sugua kuzunguka vitufe, acha pakauke kivulini. Usitumie petroli. Najua kila gereji husafisha kila kitu kwa petroli, lakini petroli inavimbisha mpira na kulainisha plastiki, na baada ya mwezi kitufe kinabaki kimezama ndani. Usiikaushe juu ya jiko. Na kuizika ndani ya mchele kunakupa vumbi la mchele ndani ya rimoti, basi. Ukimaliza, inua yale mabati kidogo sana kwa ncha ya sindano ili yaibane betri. Nimesema kidogo. Yakikatika tunaanza hadithi nyingine.

Kabla ya kufunika, bonyeza swichi yenyewe iliyo kwenye bodi, bila ule mpira, ukiwa umesimama hatua kumi kutoka kwenye gari. Hapa ndipo utajua mengi. Ikiitika vizuri kila mara, shida ilikuwa mpira uliochakaa usiosukuma sawasawa, na dawa yake ni kava jipya. Ikiitika mara moja moja, hasa ukiisukuma kwa pembeni, hicho kiswichi kimekufa au lehemu yake imepasuka. Cha kufunga kikifanya kazi na cha kufungua kikigoma, ndiyo hiyohiyo, maana cha kufungua ndicho kinachopigwa zaidi. Na hapa nitakuambia jambo ambalo mafundi wenzangu wa magari hawatalipenda: usitupelekee sisi. Mpelekee kijana anayetengeneza simu. Ana kikuza macho, ana chuma cha kulehemu chembamba, na viswichi vya namna hiyo anavyo kwenye kopo pamoja na vingine mia. Mikono yetu imezoea waya wa stata.

Kuhusu kava jipya, tahadhari moja, na hii iandike. Makava matupu yamejaa soko la Kisekka, yanafanana na ya kiwandani, na kijana anakuhamishia rimoti kwa dakika tano. Lakini chipu ya imobilaiza, yule mpangaji wa pili, mara nyingi imekwama ndani ya plastiki ya kava la zamani, nyeusi, ndogo kuliko punje ya mahindi, haina waya wala alama. Mteja wangu mmoja alibadilishiwa kava asubuhi, akasifu lilivyong'aa, la zamani likatupwa. Milango ilifunguka vizuri kabisa, kwa sababu rimoti ilikuwa imehamishwa. Akapiga stata, ikazunguka, injini ikakataa kuwaka. Nilipofika na kusikia neno kava, sikufungua hata boneti. Tulikwenda kupekua takataka za mlangoni kwa yule kijana, katikati ya maganda ya mayai ya rolex, zile chapati za mayai, tukaikuta. Bahati ilikuwa kwamba gari la taka halijapita siku hiyo. Kwa hiyo kava la zamani usilitupe mpaka injini iwake kwa kava jipya, na hata ikiwaka, lirudishe nyumbani.

Tuseme rimoti umeisafisha, swichi inabonyea vizuri, betri ni nzima, na bado lazima uguse kioo. Sasa tulihoji gari.

Kwanza hama mahali. Egesha penye uwazi, mbali na milingoti ya simu na redio, jaribu tena. Hapa Kampala kuna watu wanaokuja kwangu na malalamiko ambayo yanatokea wakiegesha Kololo tu, karibu na ile milingoti ya kilimani. Wakishuka mjini, rimoti imepona. Kama kwako inasumbua nyumbani na kazini vilevile, kelele ya mtaa haihusiki.

Kelele nyingine tunaingia nayo wenyewe. Chaja ya simu ya bei ya chini, kamera ya kioo cha mbele, taa za kumetameta, kifaa cha ufuatiliaji walichofunga waliokukopesha gari: vingi vimeunganishwa moja kwa moja na betri na vinafanya kazi hata gari likiwa limezimwa. Vichomoe unavyoweza kuchomoa, ujaribu. Kama kifaa cha mkopeshaji kipo, usikichomoe mwenyewe, utapigiwa simu kabla hujafunga mlango. Mwombe fundi wao akihamishe.

Halafu fyuzi. Katika Toyota nyingi, fyuzi iliyoandikwa DOME ndiyo inayolisha taa ya ndani na pia risiva ya rimoti. Ikiungua, taa ya ndani haiwaki na rimoti inakufa kabisa, haisumbui nusunusu. Kwa hiyo kwako sidhani kama ndiyo, ila ni jambo la kuangalia kwa sekunde tatu. Mlango ambao gari linadhani uko wazi nao hukataza kufunga. Na ufunguo ukiwa ndani ya tundu la swichi, rimoti haifanyi kazi kwa makusudi, kwa hiyo siku ukipata ufunguo wa pili, usije ukaujaribu huku wa kwanza uko kwenye swichi ukadhani umegundua ugonjwa.

Kwa kuwa gari lako limepitia bondi na pengine mikono mingine, angalia chini ya dashibodi upande wa dereva. Kuna alama moja ninayoitafuta kwanza: kiboksi cheusi cha alamu ya madukani, kimefungwa kwa gundi ya karatasi, na ki-waya chembamba kirefu cha sentimita kumi na tano hadi thelathini kinachoning'inia bila kwenda popote. Huo waya ndio antena. Watu huuona, wanauona hauna kazi, wanaukata au wanaukunja na kuufunga pamoja na waya wa redio. Ukiukuta umekunjwa, unyooshe, uulaze mbali na chuma, juu kadiri iwezekanavyo. Umbali unaweza kurudi papo hapo bila shilingi. Lakini alamu ya namna hiyo kwa kawaida ina rimoti yake ya pembeni. Ikiwa unafungulia kwa vitufe vilivyo kichwani mwa ufunguo wa kiwandani, sikio lako ni risiva ya kiwandani, na hiyo hufa mara chache sana.

Mlango mmoja tu ukigoma na mitatu ikifunguka, tafadhali usiisingizie rimoti. Hiyo ni mota ya loki ya mlango huo. Bonyeza swichi ya kufunga milango yote iliyo upande wa dereva; mlango uleule ukigoma tena, ushahidi umekamilika.

Kuna jaribio linazunguka kwenye simu zetu, la kuelekeza rimoti kwenye kamera ya simu na kutazama kama inamulika. Hilo ni la rimoti za televisheni, na funguo chache za zamani zilizotumia mwanga usioonekana. Yako ni ya redio. Kamera haitaona kitu hata ikiwa mzima kama ng'ombe, kwa hiyo usikate tamaa kwa ajili yake. Fundi aliyejipanga ana kifaa kidogo cha kupima masafa: unakibonyezea ufunguo, kinaonyesha kama kuna mawimbi na ni ya megahezi ngapi. Mtu anayetaka laki nne na hana hata hicho, mwambie utarudi kesho.

Ulitarajia niseme programu haina kazi kabisa. Inayo, ila dalili zake ni tofauti na zako. Kila ukibonyeza, rimoti inatuma namba mpya, na gari linakumbuka lilipofikia. Watoto wakichezea ufunguo sebuleni, wakabonyeza mamia ya mara gari likiwa mbali, rimoti inaenda mbele na gari linabaki nyuma. Linavumilia pengo dogo. Pengo likizidi, linakataa. Mifumo mingi hupatana tena ukisimama karibu na kubonyeza mara mbili mfululizo. Isipopatana, ndipo inasajiliwa upya. Vilevile ukinunua rimoti nyingine, au kumbukumbu ya gari ikiharibika. Katika dalili zote hizo rimoti inakuwa bubu kabisa, karibu na mbali.

Toyota nyingi za umri wa Wish yako husajili vile vitufe kwa ule mchezo wa kuingiza na kutoa ufunguo, kufungua na kufunga mlango wa dereva, kisha kugeuza swichi, bila kompyuta yoyote. Sitaandika hatua zake hapa, zinatofautiana kati ya gari na gari, ila ujue majibu yake, kwa sababu siku moja mtu atakufanyia mbele ya macho yako. Gari likijifunga na kujifungua mara moja, limekubali kuongeza rimoti mpya na kuziacha za zamani. Likifanya hivyo mara mbili, liko tayari kufuta zote na kuanza upya. Ukiona mara mbili na hukuomba hilo, mwambie asimame hapo hapo.

Fedha yako ipeleke kwenye jambo lingine ulilotaja kwa haraka: una ufunguo mmoja. Magari mengi ya Japani yanatua hapa hivyo, na watu huishi hivyo miaka kumi mpaka siku ufunguo unapodondoka chooni. Tafuta wa pili wakati huu wa kwanza bado unawasha gari. Kama una imobilaiza, kuongeza ufunguo ukiwa na mmoja mzima, na uwe ule mkuu maana ufunguo wa akiba katika Toyota nyingi hauruhusiwi kusajili mwenzake, ni kazi ndogo. Ukipoteza wote, kompyuta ya imobilaiza yenyewe lazima ifutwe au ibadilishwe, na hapo laki nne utaikumbuka kama bei ya soda.

Ukinunua, uliza masafa. Funguo za magari yaliyouzwa Japani huita kwenye megahezi 315 au karibu na hapo. Za Ulaya, 433.92. Kwa macho ni mapacha. Kava lilelile, vitufe vilevile. Muuzaji akikupa ufunguo wa Ulaya, hautasajiliwa kamwe, gari lako halitausikia hata ukilia. Na ufunguo wa mtumba uliotoka gari jingine, chuma chake hakitakufaa na chipu nyingi za Toyota za miaka hiyo zikishasajiliwa hujifunga, haziandikwi tena. Nunua chipu mpya. Nenda na logibuku yako na kitambulisho. Fundi asiyekuuliza kama gari ni lako, kesho hatamuuliza mwingine aliyeshika ufunguo wa kwako. Na akiwa anafanya kazi, kaa hapo.

Jambo moja nje ya swali lako, kwa kuwa umezoea kubonyeza mara kumi. Wapo wezi wa maegesho wenye kifaa cha kupiga kelele kwenye masafa hayohayo ya rimoti. Unabonyeza ukiwa unatembea, gari halikusikia, unaingia benki, wao wanaingia garini. Mtu ambaye rimoti yake ni nzima anashtuka lisipolia. Wewe uliyezoea hutashtuka. Mpaka utakapoitengeneza, sikiliza milio ya loki, vuta mpini, ndipo uondoke.

Sasa njiani. Hofu yako naielewa, hakuna anayetaka kusimama kati ya Pakwach na Karuma jioni, tembo wakivuka barabara, akibonyeza kitu kisichoitika. Lakini mpangaji wa tatu akifa, wawili wa kwanza bado wapo. Ingiza chuma kwenye kitasa cha mlango wa dereva, geuza, ingia, washa gari, nenda zako. Kama lina alamu, huenda ikapiga makelele kwa kuwa mlango umefunguliwa kwa chuma. Usiogope macho ya watu. Ikiwa ni ya kiwandani, weka ufunguo kwenye swichi na uwashe, itanyamaza. Ikiwa ni ya madukani, kuna kitufe kidogo cha siri kilichofichwa chini ya dashibodi au kando ya boksi la fyuzi. Kitafute leo ukiwa nyumbani, si siku hiyo. Na kitasa chenyewe kijaribu leo pia, maana mtu aliyefungulia kwa rimoti miaka yote anaweza kukuta kimeganda kwa vumbi. Tia unga wa risasi ya penseli, uzungushe mara kadhaa mpaka kilainike. Mafuta ya injini usitie, yanakamata vumbi.

Na kama una shemeji mwenye Toyota Harrier ya kubonyeza kitufe cha kuwasha, naye akisoma hapa: rimoti yake ikiishiwa betri, ndani ya rimoti kuna chuma kinachochomoka, kinafungua mlango. Kisha akanyage breki, aguse kitufe cha kuwashia kwa upande wa rimoti wenye nembo, gari litalia kidogo, abonyeze. Chipu iliyo ndani inasomwa pale pale, haina haja na betri.